Maua ya Zuena Yaliyohama

Mwaka 1956 Yunusu, muuza vitambaa wa Mbeya, alimpa Zuena talaka, na eda haijaisha akaposa binti wa Iringa aitwaye Jaha. Kisha mama yake Yunusu, Bi Mwanakhamisi, hana haya, akampelekea Zuena huyohuyo shuka la harusi alidarizi! Mji mzima haukuwa na mkono kama wake. Zuena akalipokea kwa tabasamu, roho ikimchemka.

Desturi ya nyumba ile ilijulikana. Shuka hukatwa mapande mawili: moja hudariziwa upande wa bwana, la pili na bibi harusi mwenyewe, halafu huunganishwa mbele ya wanawake. Maua yakikutana katikati, bibi harusi kafunzwa. Yasipokutana, atachekwa mpaka azeeke.

Zuena alichora mawaridi kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja mshono mmoja, kila ua na hesabu yake kuanzia pindoni. Nakala ikaenda Iringa kwa basi pamoja na pande la Jaha. Kwenye pande lake mwenyewe akahamisha kila ua miraba sita juu. Hakuna lililopinda, hakuna lililokua wala kupungua. Yalihama tu, yote kwa kiasi kilekile. Alitaka Jaha alie mbele za watu kama alivyolia yeye.

Siku ilipofika, mapande yakalazwa ubavu kwa ubavu, na hakuna ua lililokutana na nusu yake. Wanawake wakaangua kicheko. Jaha akajifunika uso kwa kanga. Zuena aliona raha hadi kwenye kucha.

"Maskini, hajui kuhesabu," akasema.

Bi Mwanakhamisi hakucheka. Alilivuta pande la Zuena chini taratibu, na maua yote yakakutana kwa mara moja.

"Asiyejua hukosea hili, akapatia lile," alisema. "Haya yamehama yote sawasawa. Leteni karatasi tuhesabu kutoka pindoni."

"Msijisumbue," Zuena akasema. "Ni mimi. Ningeweza, ningeyahamisha mpaka kule mbali Makongolosi!"

Tangu hapo hakuna aliyempa tena kazi ya harusi. Hakumwomba mtu radhi. Alichojutia ni kimoja tu: angeharibu ua moja au mawili, asingejulikana. Na alikuwa amejaribu, siku zile akidarizi. Alilipotosha moja kusudi, akalitazama, akashindwa kulivumilia, akalifumua.