Jiwe Ndani ya Sanduku la Cherehani

Juzi niliona heleni za malakiti, lile jiwe la kijani, dukani, nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akanishangaa.

Alasiri moja ya utoto wangu, kwenye stesheni ya treni ya Kolwezi, sisi Wakasai tuliofukuzwa mjini kwa sababu ya kabila letu tulikaa juu ya mizigo, katika harufu ya samaki mkavu na jasho. Vijana wa wale waliotufukuza walipekua na kuchukua walichopenda. Mmoja alifungua sanduku la cherehani ya mama, akakuta jiwe la kijani nililolificha humo.

Tata, yaani baba yangu, mwalimu wa kemia, alikuwa ametusimulia mezani kwamba kuna mawe yanayotoa miale isiyoonekana. Mimi nilidhani ni mawe yote.

“Yaya, usiguse!” nililia, nikimwita kijana yule kama kaka mkubwa. “Ile jiwe inatupa mishale yenye haionekane, inaingia mu mifupa!”

Kijana, ambaye zamani alianguka kemia darasani kwa tata, akaganda. “Ni kweli, tata mwalimu?”

Tata, aliyezoea kusahihisha hata mahubiri ya padri, akakohoa. “Nusu ya nguvu yake inaisha kisha miaka elfu kupita.”

Sanduku likafungwa upesi.

Treni ilipoondoka, tata aliniinamia. “Malakiti ni ya shaba, haitupe kitu. Tukifika, utaandika vile mara mia.”

Niliandika zote mia, cherehani ya mama ikilia kando yangu.