Uso Nyuma ya Ua Jekundu

Mama alikubali kunishikia maua ila hakukubali kupigwa picha. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu mwaka wake wa mwisho, wakati bado tulikuwa tunajisahau na kusema tunatoka mkoa wa Arusha, ilhali tulishakuwa watu wa Manyara. Nilikuwa mwalimu Babati. Kila likizo nilirudi nyumbani Gendabi na kamera ya mtumba niliyoipata mnadani Katesh, miaka ile soko lilipofunguliwa na vitu vya nje vikatujia kwa marobota. Ilikuja na kioo kidogo cha kukuza, cha kufunga mbele ya lenzi. Kwa kioo kile ungeweza kusogelea ua la dalia hadi ukaona mguu wa nyuki ulivyoshika vumbi la njano.

Tatizo lilikuwa upepo. Ukilisogelea ua kiasi hicho, hata likitikisika kidogo tu picha inaharibika, na upepo unaoshuka mlima Hanang haujui kutulia. Kwa hiyo mama alichuchumaa kando, akashika kikonyo kwa vidole viwili, mbali na macho ya kamera. Dalia na mawaridi alikuwa ameyapanda mwenyewe kwenye makopo ya mafuta ya kupikia kuzunguka nyumba yote. Mvua zikianza tulitoka hadi mpakani mwa shamba kutafuta ya mwituni. Alikuwa mgonjwa tayari. Tumbo lilikuwa limevimba na mikono imekonda, na hospitalini walikuwa wameturudisha kwa maneno ya upole ambayo sote tuliyaelewa.

Baba hakuwa na picha ya mama hata moja. Ndoa yao haikuwa na mpiga picha, na vitambulisho vya picha mama alivikwepa kila vilipozungumzwa. Sababu ilikuwa meno. Maji ya kwetu yanatia meno rangi ya kahawia, na wengi tunayo hayo meno, lakini yeye aliyaona kama aibu yake peke yake. Alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Sasa ugonjwa ulikuwa umemwongezea sababu nyingine.

Siku moja baba aliniita kwenye kigogo chake mlangoni. Alipenda kukaa pale jioni akitazama tambarare chini yetu. Macho yake yalisifika: aliwaona ng'ombe wakiwa bado vumbi tu na akataja ni wa boma gani, na majirani zetu wafugaji, ambao kwa habari za ng'ombe hawamkubali mtu hivi hivi, yeye walimkubali. Siku hiyo hakutazama ng'ombe.

"Maua nayaona kila siku," alisema. "Nitafutie uso wa mama yako kabla hajaondoka."

Nilimwambia mama waziwazi. Alinijibu kwamba nikimpiga picha akiwa katika hali ile, watu watamkumbuka hivyo hivyo alivyo, na akaniuliza kama leo tunaanza na mawaridi. Nilikasirika. Nilimwona mbishi na mchoyo, tena kwa mume aliyekuwa akimwogesha kila asubuhi. Lakini nilifunga kioo changu, tukaanza na mawaridi.

Likizo ya Desemba alitembea kwa shida hadi mpakani kwa sababu lilikuwa limechomoza lile ua jekundu la mvua za kwanza, la mviringo kama kichwa cha rungu, linalotoka ardhini kabla ya majani yake. Nililala kifudifudi. Yeye akachuchumaa upande wa pili akishika kikonyo. Siafu wakaniingia kwenye blauzi, nikaruka na kupiga kelele kama mtoto, na mama akacheka. Alicheka hadi akaliachia ua, akaegemeza mikono yote miwili chini asianguke, na hakuwa na mkono wa kuziba mdomo. Nilijirusha chini tena, nikazungusha pete ya lenzi kadiri nilivyowahi, nikabonyeza. Alisikia mlio wa kamera. Alinitazama, akasema twende nyumbani, baridi imeanza.

Nilimnong'oneza baba kwamba nimempata. Kesho yake alimwagiza fundi seremala fremu ya mti wa mkangazi.

Mama alikufa kabla sijarudi Babati. Picha ilikuwa bado ndani ya kamera, kwa hiyo mbele ya jeneza ulitangulia msalaba peke yake, na baba akawa anawaambia waombolezaji kwamba picha ipo, inakuja. Alilia sana siku zile, na usiku alikaa kwenye moto wa matanga hadi macho yakawa mekundu.

Mkanda nilisafishiwa Babati, kwenye duka la picha. Niliufungua mfuko wa picha nikiwa nimesimama palepale dukani. Maua yote yalikuwa safi kabisa, mpaka mishipa ya majani inaonekana. Picha ya mwisho ilikuwa ukungu. Kioo cha kukuza kinaona cha karibu tu, na uso wake ulikuwa mbali nacho. Ua lenyewe, kwa kuwa alikuwa ameliachia, lilikuwa limetikisika. Kulikuwa na doa jekundu, na nyuma yake doa la kahawia lenye weupe kidogo wa kitambaa cha kichwa. Nilikaa kwenye ngazi za duka nikalia, sikujali nani ananiona.

Nilirudi Gendabi nimepanga kumweleza baba ukweli. Lakini aliipokea ile picha kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaigeuzia kwenye mwanga. Akafuta macho kwa shati, akarudia tena.

"Moshi umenimaliza macho," akasema. "Wewe unamwona?"

Ningesema kweli, kwamba picha ndiyo iliyoharibika, angebaki na macho yake na asiwe na uso wa mkewe popote duniani.

"Namwona, baba. Vizuri sana."

"Amefanyaje?"

"Anacheka."

"Meno yanaonekana?"

"Yanaonekana yote."

Akatikisa kichwa, akasema mama angenichapa. Kisha akanipa nyundo nimpigilie fremu ukutani, kwa sababu yeye, alisema, misumari hataiona.

Jioni nilimkuta kwenye kigogo. Ng'ombe walikuwa wanapanda kutoka tambarare, karibu kabisa, hata mimi niliona ni wa nani. Baba alikuwa ameinamisha uso, fimbo katikati ya magoti. Aliniuliza, bila kuinua uso kuwatazama, hao wanaopita ni ng'ombe wa boma gani, nikamtajia, akanishukuru.