Nimevishwa Koti la Muuguzi Gerezani

Admin, ficha jina langu na la kituo. Nikijulikana, kazi sina.

Leo Jumatano, asubuhi mawingu mazito juu ya vilima vya Sagalla, mvua hakuna. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na minne, askari katika gereza la wanawake huku Taita Taveta. Muuguzi wetu alipohamishwa, mkubwa aliniuliza kama nimesomea huduma ya kwanza. Nikasema ndiyo, wiki moja tu. Akanipa ufunguo wa kabati la dawa. "Shikilia kidogo, madam, mwingine anakuja." Hajaja mpaka leo. Wafungwa sasa wananiita Sista.

Kuna mahabusu wa kutoka Ronge, mjamzito. Uso na miguu vimemvimba, kichwa kinamuuma mpaka macho yanaona ukungu. Niliomba apelekwe hospitali. Kumtoa kunahitaji gari na askari wawili, na sisi ni wachache. Tena hapa kwetu anayelalamika huambiwa anatafuta safari ya kuonana na watu wake. "Huyo amemkumbuka bwana yake," mkubwa akacheka. "Mpe panadol."

Leo wakaja wakaguzi kutoka Nairobi. Kabla hawajaingia, mkubwa akanirushia koti jeupe. "Vaa. Na usiongee sana." Mmoja akauliza, "Muuguzi yupo?" Mkubwa akanielekezea kidole. Nikatabasamu. Yule mkaguzi hata akaniachia namba yake, ati dawa zikipungua nimwambie. Wakaenda kunywa chai.

Mjamzito alikuwa kwenye benchi, amesikia yote. "Sista, mbona hukuwaambia?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Mimi nikisema naitwa mwongo. Wewe wangekuamini."

Nikisema ukweli, kabati litafungwa, wanawake hawa wakose hata kidonge, nami nihamishwe mbali, wanangu watolewe shule katikati ya muhula. Nikinyamaza, hakuna muuguzi atakayeletwa, kwa sababu kule Nairobi wanajua yupo. Ni mimi.

Wakaguzi wanalala Voi, kesho asubuhi wanaondoka. Namba ninayo. Nimeiandika kwenye simu na kuifuta mara nyingi.

Ndugu zangu, msiniambie nivumilie. Anayevumilia ni yule aliye ndani, na kichwa bado kinamuuma. Nishaurini kabla hakujakucha: nipige, au nifanye nini?