Mume wangu alininyoa kwa mkono wake, kisha akasema hajui

Admin, nifiche vizuri, maana huku Rumonge tunajuana mpaka kwa sauti ya kikohozi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nina watoto wawili, nauza mawese sokoni. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, wazazi wangu wakarudi kwao Nyanza-Lac nikiwa msichana, nikaolewa huku na mwanaume ambaye familia yao ilitoka Kivu ya Kusini. Yeye anabeba abiria kwa pikipiki. Huruma yenu siitaki, nataka mniambie la kufanya.

Miaka mitatu sasa kichwa changu kimejaa chunusi. Msicheke. Hizi si zile za usoni za wasichana wa shule. Zinaota ndani ya nywele, utosini na kisogoni, ngumu, zenye usaha, zikiguswa tu machozi yanatoka. Kulala chali nilishasahau. Na kazi yangu ni kubeba bidoni za mafuta kichwani. Ngata ikikaa juu yake zinapasuka, maji yanashuka mpaka shingoni, na mimi natabasamu kwa sababu niko mbele ya wateja. Mmoja aliniambia usoni, watu wanasikia, kwamba hawezi kula mafuta yaliyobebwa na kichwa kinachooza. Wengine wakahamia meza ya jirani yangu.

Mamamkwe wangu akajifanya daktari. Kila Jumamosi alinikalisha chini uani, ananigawanya nywele, ananimiminia mawese ya moto na kusugua kwa kucha, halafu ananisuka mistari ya kubana eti dawa isitoke. Huku mawese ni dawa ya kila kitu, hata mimi niliamini. Nikilia alikuwa anawaita majirani waje kutazama. "Nyamaza, weye! Ni uchafu yako ya Tanzania ndiyo inatoka."

Mwezi mmoja alisafiri kwenda Uvira kwa ndugu zake, nami nikapata nafasi ya kwenda kituo cha afya. Muuguzi alinishika kichwa, akasikitika. Akasema, "Mama, hizo chunusi munazilisha wenyewe." Aliniambia niache mafuta, niache kusuka, nisibebe kitu kichwani kwa muda. Akanipa dawa ya kuoshea na ya kupaka, na akasema nywele zikatwe ziwe fupi kabisa ili dawa ifike kwenye ngozi.

Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeazima mashine kwa rafiki yake kinyozi. Asubuhi moja, watoto wako shule, alinikalisha kwenye kiti akanikata polepole, akifika penye kidonda anapuliza. Tulicheka sana siku ile. "Uko na kichwa muzuri, mama watoto," aliniambia, "ningejua ningekunyoa kabla ya harusi." Wiki ya tatu nikalala chali. Nilidhani nimepona, na nilidhani nina mume.

Sasa sikilizeni. Katika ukoo wao, mwanamke aliyeolewa ananyolewa kichwa siku moja tu, siku anapomzika mumewe. Mimi sikulelewa hivyo, na sikujua kama wanalishikilia jambo hilo kiasi hicho. Yeye alijua. Mamamkwe aliporudi alinivuta kitambaa cha kichwani mbele ya wageni aliokuja nao, akapiga yowe. "Mutoto yangu iko muzima na weye umeshaanza kumulilia! Nani amekunyoa?"

Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa amesimama pale pale anafuta pikipiki yake. Akasema, "Sijui, mama. Nilitoka ku kazi nikakuta iko vile."

Nilisubiri acheke, aseme anatania. Akaendelea kufuta kioo.

Siku nane baadaye alianguka kwenye barabara ya Minago, mguu ukavunjika sehemu mbili. Waliponipigia simu, kabla sijalia, kitu ndani yangu kilisema: vizuri. Kilikuwa kitu kidogo na kikapita, nikakimbia hospitali bila viatu. Lakini nilikisikia, na hakuna mtu niliyewahi kumwambia ila ninyi.

Ukoo umekaa. Wameamua kwamba Jumapili hii nisimame kanisani niseme kwa kinywa changu kwamba nilijinyoa ili mume wangu afe, niombe msamaha. Nikikataa, nirudi Nyanza-Lac peke yangu, watoto wanabaki. Na mawese ya Jumamosi yamerudi. Mamamkwe ameshanipaka mara mbili, na chunusi zimerudi zikiwa nyingi kuliko mwanzo. Naandika haya shingo imekakamaa kwa maumivu.

Mume wangu amelala na plasta mguuni, hataki kuniangalia. "Kubali tu, mama watoto. Ni maneno tu. Nikisema ni mimi, mama atanilaani, na unaona vile niko." Huyo ndiye aliyekuwa anapuliza vidonda vyangu.

Hayo yote ningeyameza. Nimemeza mengi kwenye nyumba hii. Lakini jana binti yetu wa miaka tisa alikuwa ananifunga kitambaa, taratibu asiniumize, akaniuliza, "Mama, ni kweli ulitaka papa akufe?"

Nilimjibu hapana. Nilijibu haraka mno, na nadhani aliona.

Jumapili atakuwa benchi ya mbele na bibi yake. Nikisema walichonipangia, nitabaki naye nyumba moja, akijua mama yake alimtakia baba yake kifo. Nikisema ukweli kuhusu nywele, mume wangu atanikana mara ya pili, na nitaondoka bila mtoto. Wenzangu mnaosoma, wanawake na wanaume, wala msinipambie maneno. Nikisimama mbele ya mtoto huyu, nifungue mdomo niseme nini?