Ushuhuda Niliorudi Nao Kutoka Houston

Mimi nilifika Texas na cheti cha darasa la saba na koti la kuazima. Leo malori yenye jina langu ubavuni yanapishana kati ya Dallas na Houston, na vijana wenye digrii wananiita bosi. Sijisifu, nasema ilivyo. Kitu nilichokitafuta nikakikosa ni kimoja tu: mke wangu, tangu tulipomzika.

Dereva wangu mmoja, Mkongomani, ndiye aliyenitajia dawa ya misitu ya Amazon, gome na majani yanayochemshwa mpaka maji yawe meusi. Alisema watu hukutana na marehemu wao.

"Patron, mie nilimuona papa yangu. Tuliongea."

Nikampigia simu mama wa Kiperu anayewanywesha watu dawa hiyo nje kidogo ya Houston. Akanipa masharti: wiki nzima bila nyama, chumvi, sukari, pombe, hata maziwa lala. Nikayashika yote. Mimi nikiamua, nimeamua.

Tatizo likawa kanisa letu la Cedar Hill, kando ya Dallas. Baada ya ibada watu walipakua pilau na mbuzi, mimi nikabaki na viazi vitamu vyangu. Mama mmoja wa kwaya, rafiki wa marehemu mke wangu, akaichungulia sahani yangu.

"Baba, kwani umefunga?"

"Nimefunga."

Sahani hazijaoshwa, habari zimeshamfikia mchungaji. Akanishika mkono. "Jumapili ijayo, mzee, utatupa ushuhuda." Nikakubali. Nani mwingine angeutoa kama mimi?

Houston nikanywa. Mwarobaini ni asali ukilinganisha. Yule mama aliimba akitikisa majani, nami nikatapika kwenye ndoo. Mtu aliyeketi kando yangu alikuwa akicheka na bibi yake aliyekufa zamani. Mimi nikamwita mke wangu kwa jina letu la chumbani, ambalo hata watoto hawalijui. Nikaona barabara. I-45 ya kutoka Dallas, lami na mistari, ileile iliyonileta, na kiti cha pembeni yangu hakina mtu. Hiyo tu, mpaka kukapambazuka.

"Usiharakishe kuelewa," yule mama aliniambia tukinywa supu, kwa Kiingereza kibovu kama changu. "Rudi nyumbani, ukae na ulichoonyeshwa."

"Sikuonyeshwa kitu."

"Basi kaa na hicho."

Jumapili nikaitwa mbele. Ushuhuda wangu wanaujua kwa moyo: nilivyokuja mikono mitupu, lori la kwanza, la pili, amina. Nikaishika maiki, nikaanza palepale pa kila siku. Nilipofika kwenye lori la kwanza, nikakatiza. Mke wangu ndiye aliyekuwa akikaa pembeni yangu kwenye lori lile.

"Nilienda Houston kumtafuta mama watoto," nikasema. "Kuna dawa nilikunywa. Nilifuata kila sharti. Sikumwona."

Mchungaji alitazama viatu vyake. Machozi yaliyonikataa makaburini yakanishukia hapo, mbele ya watu wote, mimi, bosi mzima.

Yule mama wa kwaya akainuka katikati ya wenzake.

"Kaa chini, baba," akasema polepole. "Hata sisi hatujamwona."

Nikakaa. Ilikuwa zamu ya kwaya kuimba, na ulipita muda mrefu kabla ya yeyote kati yao kuweza kuanza.