Siku Saba Bila Tone

Shangazi yangu alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na tisa. Alipostaafu alitoka na mgongo mbovu, ulimi mkali, na ujuzi wa maji unaozidi wa mtu yeyote ninayemjua. Alipofua nyumbani, maji ya povu aliyamwaga chooni. Ya kusuuzia mara ya kwanza na ya pili, chooni pia. Ya mara ya tatu ndiyo yaliyokwenda kwenye bustani yake ya uani, kabla jua halijachomoza, kikombe kwa kikombe.

Mji wetu uko jangwani. Mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, na mwaka mwingine haiji kabisa. Watu walimshauri ainue matuta kama wakulima wa kweli. Yeye akachimba mashimo ya kufika magotini, akapanda humo chini ambako upepo haufiki, na juu akatandaza mashuka yaliyochakaa. Walimcheka sana. Bamia zilipoanza kuzaa wakaacha kucheka, wakawa wanapita "kumjulia hali" na bakuli mkononi. Hawana haya hata kidogo.

Kisha akaja mwenye nyumba aliyopanga shangazi, anayeishi upande wa pili wa ukuta wa uani, amekunja uso.

"Mama, ukuta wangu unaoza kwa unyevu. Ng'oa hayo majani yako."

"Shimo la karibu liko hatua sita kutoka hapo."

"Maji hutembea."

"Basi tujaribu. Siku saba simwagii hata tone. Ukuta ukikauka, nang'oa kila kitu kwa mkono wangu. Usipokauka, usinitajie tena bustani."

Alikubali upesi mno, huku anacheka. Nilitamani kumrushia ndoo.

Siku ya tatu mchicha ulilala. Siku ya nne nyanya changa zikaanza kudondoka, nami uvumilivu ukanishinda, nikanyata na kikombe cha maji. Shangazi aliudaka mkono wangu.

"Ukimwagia hata mche mmoja, nitamwambia nini yule? Kwamba nimeshinda kwa wizi?"

Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mume wake, na machozi yale yalinitia hasira kuliko huzuni. Nilirudisha maji ndani.

Siku ya saba mchicha wote ulikuwa umekauka, unasagika vidoleni. Nyanya zilibaki vijiti. Bamia tu ndizo zilizosimama, kwa ubishi. Na ukuta? Ulikuwa umelowa kuliko siku ya kwanza.

Mwenye nyumba aliukodolea macho. Shangazi hakumpa nafasi ya kutafuta maneno. Alichukua jembe akachimba chini ya ukuta, na hakwenda mbali kabla bomba la bafu la mwenye nyumba mwenyewe halijaonekana, limepasuka, linavuja.

"Basi yaishe, mama," alisema mwenye nyumba. "Kesho naleta fundi. Wewe endelea na bustani yako kule kule."

Shangazi alirudi kwenye jembe. Alinituma ndani nilete mbegu za mchicha. Niliporudi alikuwa bado anachimba, mkono mmoja kiunoni, anapanua lile shimo kando ya bomba, jembe linagonga ukuta.

"Mama, utapanda hapo ukutani?" aliuliza mwenye nyumba.

"Hapo hapo, kufidia mchicha ulionikaukia," alisema shangazi. "Na usogee, unakanyaga udongo wangu."