Fundi Asiyedaiwa Nguo

Wagonjwa walimbatiza jina Mama Maswali, naye hakukasirika. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyo: kuketi na watu waliolemewa na huzuni, kuwauliza maswali ya kwenye fomu, kujumlisha alama, kisha kuamua nani arudi nyumbani na nani abaki wodini.

Asubuhi hiyo mwanamke mmoja alimleta kaka yake, fundi cherehani aliyefiwa na mke miezi minne iliyopita. Dada mtu akabaki nje kwenye benchi, kanga mdomoni.

Loo, fundi yule alikuwa mcheshi! Alipoulizwa kama analala, akasema majirani ndio hawalali kwa anavyokoroma. Chakula je? Akajipigapiga tumbo. Walipofika kwenye swali la kutamani kufa, akasema hathubutu, wateja wangemfuata mpaka kaburini kudai nguo zao. Mama Maswali alicheka mpaka machozi, huku kalamu ikitia alama kwenye hapana, hapana, hapana. Jumla ikawa mbili. Mtu wa alama mbili huenda zake nyumbani.

Akiwa anatafuta mhuri akamtania. Gauni lake mwenyewe lina miezi saba kwa fundi wake wa mtaani, kila akienda anaambiwa njoo kesho. Je, yeye ana viporo vingapi vya nguo za watu?

"Sina hata kimoja," fundi akajibu, kwa fahari kidogo. "Zote nimeshona, nikazipeleka nyumba kwa nyumba. Hata vipande vya vitambaa vilivyobaki nimewarudishia wenyewe."

Jamani, tangu lini fundi akarudisha vipande?  Mama Maswali akauweka mhuri chini na kuisukuma fomu pembeni. Alijionea aibu kwa kile kicheko.

"Fundi," akasema polepole, "ulipanga iwe lini?"



"Leo," fundi akasema. "Dada ndiye aliyeniwahi."

Hakurudi nyumbani. Dada aliitwa ndani, daktari akaja, kitanda kikapatikana karibu na meza ya wauguzi, na Mama Maswali akaketi naye mpaka zamu yake ikaisha.

Jioni alipita kwa fundi wake. Gauni lilikuwa palepale rafuni, halijaguswa na mkasi. Fundi akakuna kichwa, akaona haya, akamwambia aje kesho.

"Nitakuja," Mama Maswali akamwambia, huku machozi yakimtoka. "Na wewe nikukute."